Mbunge Aliyeshika Bendera ya Mfalme: Maisha ya Sir Edmund Verney

Hotuba kwa wanafunzi wa historia

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi wageni mliojibanza kule nyuma karibu na mlango: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya bwana mmoja wa Kiingereza, mwanasiasa, aliyekuwa mtiifu kwa taji la nchi yake. Mabwana wa namna hiyo ni wengi, na wengi wao wakikutajia sababu za utiifu wao utasikia hesabu ya mashamba na vyeo. Mimi nimemchagua Sir Edmund Verney. Alikuwa mbunge, alikuwa mtumishi wa jumba la kifalme, na aliuawa tarehe 23 Oktoba 1642 katika mapigano ya Edgehill, kwenye vita vya Mfalme na Bunge lake, akiwa ndiye mshika bendera wa Mfalme Charles wa Kwanza. Nimemchagua kwa sababu alikufa upande ambao yeye mwenyewe aliamini umekosea, na hilo alilitamka kwa kinywa chake kabla hajafa.

Sisi tukimkuta mtu aliyemtii mtawala hadi mwisho, huwa tuna majina mawili tu ya kumpa. Kama mtawala yule tunampenda, tunamwita shujaa. Kama hatumpendi, tunamwita kibaraka. Sir Edmund nimekaa naye miaka mingi katika kusoma na kufundisha, na hakuna hata jina moja kati ya hayo linalomtosha. Naomba mnivumilie niwaeleze ni kwa nini.

Ukoo wa Verney ulikuwa na ardhi katika jimbo la Buckinghamshire, kaskazini-magharibi ya London, penye kijiji kiitwacho Middle Claydon. Edmund alizaliwa mwishoni mwa karne ya 16, mtoto wa mke wa baadaye wa baba yake. Alikuwa na kaka wa baba mmoja, Francis, na baina yao urithi ulileta uchungu. Baba alitaka mdogo naye apate fungu, na mwaka 1597 mgawanyo huo ukatiwa nguvu kwa sheria ya Bunge. Francis alipokua alijaribu kuutengua akashindwa. Akauza alichokuwa nacho, akaihama Uingereza, akaishia katika bahari ya Kati miongoni mwa maharamia wa pwani ya Afrika Kaskazini. Inasemekana alisilimu huko. Alifia hospitalini Messina, katika kisiwa cha Sicily, mwaka 1615, na kilemba chake kikarudishwa Claydon, kikatunzwa na ukoo ule ule alioukimbia. Nalitaja hili kwa kuwa Edmund alikua akiona, tangu ujanani, mtu wa damu yake akikata kila kamba iliyomfunga na nyumbani. Yeye alikwenda njia ya pili kabisa. Hakuna kamba aliyoikata maishani mwake.

Aliingia kwanza katika utumishi wa Henry, mwana wa kwanza wa Mfalme James. Henry akafa kijana mwaka 1612. Mwaka uliofuata Edmund akahamia kwa mdogo wake, Charles, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, mdogo wa umbo, mwenye kigugumizi, ambaye kabla ya kifo cha kaka yake hakuna aliyetarajia angetawala. Shikeni hapo. Sir Edmund hakumjua Charles kama mfalme aketiye juu ya kiti. Alimjua akiwa kijana wa nyumbani, akamwona akikua, akamvalisha na kumsindikiza. Watu wanaposema juu ya utiifu kwa taji, mara nyingi wanafikiria kitu kilichoko mbali, cha dhahabu, kisicho na uso. Kwa Sir Edmund taji lilikuwa na uso na sauti na mazoea ya miaka ishirini na tisa.

Mwaka huo huo wa 1612 alikuwa amemwoa Margaret Denton, binti wa ukoo jirani wa Hillesden. Walizaa watoto kumi na wawili. Huyo Margaret ndiye aliyebeba maisha ya familia kwa sehemu kubwa, maana mume alikuwa mtu wa jumba la mfalme, leo yuko London, kesho yuko safarini.

Safari moja inatuonyesha mtu huyu alikuwa wa namna gani. Mwaka 1623 Charles, akiwa bado mwana wa mfalme, alikwenda Madrid kumposa binti wa mfalme wa Hispania. Uingereza ya Kiprotestanti ilishika roho mkononi, kwa hofu kwamba Mprotestanti atarudi na mke Mkatoliki na pengine na dini ya mke. Sir Edmund alikuwa kwenye msafara. Huko Madrid kijana mmoja Mwingereza wa msafara huo aliugua hata akawa karibu ya kufa, na padri msomi wa Sorbonne, chuo kikuu cha Paris, akawa anamjia kitandani ili ambadilishe dini kabla hajakata roho. Sir Edmund alipolijua hilo alimkabili padri mlangoni, maneno yakazidi, akampiga kofi la sikio. Katika nchi ya ugenini, katika ujumbe wa posa, mbele ya jumba la mfalme Mkatoliki! Ulitaka kuwa mgogoro wa mataifa mawili. Basi mtu asije akaniambia kwamba Sir Edmund alikuwa mpole asiye na msimamo, aliyefuata bwana wake kwa kuwa hakuwa na mawazo yake. Alikuwa na mawazo, tena makali, hasa katika dini. Alikuwa Mprotestanti wa dhati asiyependa hata kidogo sherehe nyingi kanisani wala mamlaka makubwa ya maaskofu.

Charles alipopata ufalme, Sir Edmund alipewa cheo cha Knight Marshal, mwaka 1626. Kazi yake ilikuwa kulinda utulivu katika eneo linalozunguka makao ya mfalme, na gereza maarufu la Marshalsea lilikuwa chini yake. Ni cheo chenye heshima kubwa, ila hazina ya Charles ilikuwa tupu mara nyingi, na watumishi wake walijifunza kusubiri. Sir Edmund alikufa na madeni, na madeni hayo yakamwangukia mwanawe. Nalisema hili kwa ajili ya wale wanaodhani aliuza dhamiri kwa mshahara.

Sasa tuingie Bungeni, maana huku ndiko kisa kinakokaza.

Charles alivunja Bunge mwaka 1629 akatawala miaka kumi na mmoja bila kuliita tena. Alitoza kodi bila idhini ya wabunge. Iliyoudhi kuliko zote ilikuwa kodi ya merikebu, ambayo kwa desturi ilidaiwa miji ya pwani wakati wa hatari, naye akaitoza hata majimbo ya bara wakati wa amani. Aliyesimama mahakamani kuipinga, John Hampden, alikuwa mtu wa Buckinghamshire, jirani wa akina Verney. Kanisani, Askofu Mkuu William Laud alikuwa akisukuma taratibu za ibada ambazo Waprotestanti wengi waliziona ni kurudi Roma kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1637 Mfalme na Laud wakajaribu kuwalazimisha Waskoti kitabu kipya cha sala, na Waskoti wakachukua silaha.

Mwaka 1639 Sir Edmund akaitwa kwenda kaskazini pamoja na Mfalme kupigana nao, akiwa na deraya kamili kwa gharama yake mwenyewe. Barua alizomwandikia mwanawe mkubwa, Ralph, kutoka kambini zimehifadhiwa, na nawahimiza kila mwenye nafasi azisome. Kwa mkono wake anasema jeshi ni dhaifu, mfuko wa fedha ni dhaifu zaidi, wakipigana mapema watachinjwa, na wakikawia hakuna pesa za kuliweka jeshi pamoja. Analalamika pia kwamba deraya nzima itamuua mtu kabla adui hajamfikia. Anataka kinga ya kifua, ya mgongo na ya mkono, basi, na kofia ya chuma ataivaa ikiwa tu ni nyepesi. Hayo ya deraya yawekeni akilini, tutayahitaji.

Anayeandika hapo ni mtumishi mwenye macho. Aliuona uwongo wa vita vile, akamwambia mwanawe, kisha asubuhi akapanda farasi akamfuata Mfalme. Naye ndiye aliyetumwa kwenye kambi ya Waskoti mwezi wa Juni kutafuta njia ya mazungumzo, na vita vile vya kwanza vikaisha kwa mapatano karibu bila damu kumwagika. Waskoti waliweza kuzungumza naye. Hili lina maana kubwa kwangu: pande zote mbili zilimwamini.

Fedha zikamlazimisha Mfalme kuliita Bunge mwaka 1640. Sir Edmund, ambaye zamani aliwahi kuwa mbunge wa Buckingham na baadaye Aylesbury, sasa akachaguliwa kutoka Chipping Wycombe. Ralph akachaguliwa kutoka Aylesbury. Baba na mwana chini ya paa moja la Westminster. Na kwa ujumla walipiga kura upande mmoja, upande uliotaka kodi haramu zifutwe, maaskofu wapunguzwe nguvu, washauri wabaya waondolewe. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu watu hulisahau: mshika bendera wa Mfalme, akiwa Bungeni, alikuwa akiwaunga mkono wapinzani wa siasa za Mfalme. Mchana anapiga kura ya kumbana bwana wake, jioni anarudi kumtumikia mezani, na hakuona kwamba kufanya hivyo ni usaliti wa upande wowote. Mimi hapo ndipo ninapomheshimu kuliko mahali pengine popote. Aliamini kwamba unaweza kumpinga mtu na bado ukawa mtu wake.

Ralph naye alikuwa na desturi ya kuandika kwa penseli, akiwa ameweka karatasi gotini, yanayosemwa Bungeni. Tarehe 4 Januari 1642 Mfalme aliingia mwenyewe Bungeni na askari nje ya mlango, akitaka kuwakamata wabunge watano, Hampden akiwa mmoja wao, na Ralph alikuwepo akiandika. Wale watano walikuwa wamekwishatoroka. Mfalme akamwuliza Spika, William Lenthall, wako wapi. Spika akapiga magoti, akajibu kwamba hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema isipokuwa kama Bunge litakavyomwelekeza. Wanafunzi wa sheria hulikariri jibu hilo mpaka leo, na penseli ya Ralph ni miongoni mwa zilizotuhifadhia siku ile.

Kabla ya hapo kulikuwa na jambo jingine ambalo Sir Edmund hangeweza kutoliona. Mwezi wa Mei 1641 Bunge lilitaka kichwa cha Earl wa Strafford, mtumishi hodari na mkali kuliko wote aliokuwa nao Charles. Mfalme alikuwa amempa ahadi kwamba hatadhurika maisha yake, heshima yake wala mali yake. Makundi ya watu yakaizingira ikulu, Mfalme akaogopa, akatia saini. Strafford akakatwa kichwa tarehe 12 Mei. Sir Edmund alikuwa hapo. Aliona kwa macho yake jinsi bwana wake alivyomtoa mtumishi mwaminifu. Alijua, basi, kwamba yule anayemtumikia anaweza kushindwa kutimiza ahadi kama hiyo. Na bado.

Mwezi ule ule wa Januari 1642 Mfalme aliondoka London. Kukawa na Bunge huku na Mfalme kule, kila upande ukikusanya askari. Ralph alibaki Westminster, pamoja na Bunge. Sir Edmund akamfuata Mfalme kaskazini. Margaret alikuwa amekwishafariki mwaka uliotangulia, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumwita nyumbani wala wa kukaa kati ya baba na mwana. Edmund mdogo, mwana wa tatu, ambaye nyumbani walimwita Mun, alikuwa askari wa Mfalme, na barua aliyomwandikia Ralph inauma kuisoma. Anamwambia kaka yake jinsi moyo wake unavyohuzunika kwamba baba na yeye, wanaompenda sana, sasa wanalazimika kuwa maadui zake kwa kuwa wajibu wao ni kwa Mfalme. Anayaandika hayo bila ya kumtukana. Anamsihi.

Tarehe 22 Agosti 1642, huko Nottingham, Mfalme aliinua bendera yake, na hilo lilikuwa tangazo la vita juu ya Bunge lake. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Watu waliokusanyika walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Tangazo lilipokaribia kusomwa Mfalme alilichukua akalisahihisha kwa kalamu papo hapo, hata msomaji akalisoma kwa kujikwaakwaa. Baadaye upepo ukaiangusha bendera, na wengi wakasema ni nuksi. Aliyekabidhiwa bendera hiyo alikuwa Sir Edmund Verney. Aliapa kwamba atakayetaka kuiondoa mkononi mwake sharti kwanza aiondoe roho yake mwilini.

Katika siku hizo alizungumza na Edward Hyde, mshauri wa Mfalme, ambaye miaka mingi baadaye aliyaandika mazungumzo hayo. Hyde alimwona kila mtu pale kambini amenuna, akamwomba Sir Edmund, aliyejulikana kuwa mtu mchangamfu anayependwa na wote, asaidie kuwatia watu moyo. Sir Edmund akatabasamu, akasema atajitahidi, ila hali yake ni mbaya kuliko ya Hyde. Wewe, alimwambia, dhamiri yako imetulia. Unaamini Mfalme hapaswi kukubali wanayoyataka, kwa hiyo kwako wajibu na kazi vinakwenda pamoja. Mimi ugomvi huu siupendi, natamani kwa moyo wote Mfalme angekubali. Lakini nimekula mkate wake, nimemtumikia karibu miaka thelathini, sitafanya jambo la aibu kama la kumwacha. Akasema afadhali apoteze maisha, na alikuwa na hakika atayapoteza, akilinda mambo ambayo kuyalinda ni kinyume cha dhamiri yake. Na akamalizia kwa kusema waziwazi kwamba maaskofu, ambao ugomvi huu uko kwa ajili yao, yeye hana heshima nao.

Ndugu zangu, nimesoma hotuba nyingi za watu walioingia vitani. Karibu wote, wakisha kuchagua upande, hujenga sababu. Jana walikuwa na shaka, leo wana bendera, na kesho wanaapa kwamba shaka hawakuwahi kuwa nayo. Ni njia rahisi ya kulala usiku. Mtu hujiambia kwamba bwana wake ana haki, kwa sababu ni vigumu mno kumfia mtu asiye na haki. Sir Edmund alikataa raha hiyo. Alitoa mwili wake kwa Mfalme, akili yake akakaa nayo. Hakumpa Mfalme hata uwongo mmoja mdogo wa kujisemea moyoni.

Wahenga wetu walisema fadhila za punda ni mateke. Hicho ndicho alichokiogopa Sir Edmund, kuonekana punda baada ya kulishwa miaka yote ile. Na hofu hiyo si ndogo wala si ya kijinga. Katika maisha ya watu, deni la mtu kwa mtu ndilo linaloshikilia nyumba, ukoo, kazi. Asiyemkumbuka aliyemlisha hatatukumbuka sisi pia. Lakini lazima niseme upande wa pili, maana nisiposema nitakuwa nimeficha ninaloliamini. Watu wa Chipping Wycombe nao walikuwa wamempa kitu. Walimpa sauti yao aende nayo Westminster. Mkate wa Mfalme aliukumbuka mpaka kufa. Kura ya Wycombe aliiacha nyuma alipopanda farasi kwenda kaskazini. Deni la mtu mmoja mwenye uso lilishinda deni la watu wengi ambao sura zao hakuzikariri. Mimi naona hapo alikosea. Namheshimu, nampenda hata, na naona alikosea. Kama wapo humu wanaotumikia wakubwa, na najua wapo, wajiulize ni nani mwingine anayewadai.

Tarehe 23 Oktoba ilikuwa Jumapili. Majeshi yalikutana chini ya kilima cha Edgehill, Warwickshire. Wapanda farasi wa Mfalme, wakiongozwa na mpwa wake Prince Rupert, walivunja pembe ya adui wakaifukuza mpaka kijiji cha Kineton, wakakawia huko kwenye mizigo na nyara. Nyuma, askari wa miguu wa Mfalme wakabaki bila kinga ya farasi, na wapanda farasi wa Bunge waliokuwa wamesalia uwanjani wakaingia katikati yao hadi ilipo bendera. Sir Edmund siku hiyo hakuvaa deraya wala koti gumu la ngozi la vitani. Yale malalamiko ya mwaka 1639 tunaweza kuyasema ni mazoea ya mtu asiyependa uzito. Ila aliyemwambia Hyde kwamba ana hakika atakufa, kisha akaenda vitani na nguo za kawaida, mimi nashindwa kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Rafiki yake, Sir Edward Sydenham, ndiye aliyemwandikia Ralph habari. Alimweleza kwamba mtumishi wa Sir Edmund, aitwaye Jason, aliuawa pale pale. Kwamba Sir Edmund aliwaua wawili kwa mkono wake, mmoja wao akiwa yule aliyemuua Jason. Na kwamba alivunja ncha ya bendera akipigana nayo dhidi ya mikuki kabla hajaanguka. Bendera ilichukuliwa na adui, kisha usiku huo afisa mmoja wa Mfalme, Kapteni John Smith, akairudisha, akapewa cheo cha Sir. Mwili wa Sir Edmund haukupatikana. Inasimuliwa kwamba mkono wake ulikutwa umekatwa, bado umeishika fimbo ya bendera, na pete yenye sura ya Mfalme ikiwa kidoleni. Pete ipo Claydon. Ya mkono ni masimulizi, myachukue hivyo.

Mpokeeni sasa Ralph, maana bila yeye kisa cha baba kinabaki nusu. Barua ilimkuta London, kwa wale ambao askari wao walikuwa wamemuua baba yake. Aliendelea kuketi Bungeni. Lakini mwaka 1643 Bunge lilipofanya agano na Waskoti na kumtaka kila mbunge aape kulibadilisha kanisa kwa namna ambayo dhamiri yake haikuikubali, Ralph alikataa. Kwa Mfalme hakuweza kwenda, kwa Bunge hakuweza kuapa. Akachukua mke wake Mary na baadhi ya watoto, akaenda uhamishoni Ufaransa. Mwaka 1645 Bunge likamfukuza kwa kutohudhuria, na mali yake ikashikwa. Mary ndiye aliyerudi London mwaka 1646, mjamzito, kuzunguka kwa wakubwa akiomba mashamba ya watoto wake yaachiliwe. Alifanikiwa mwaka 1648, baada ya kupoteza watoto wawili katika kipindi hicho. Alifia Ufaransa mwaka 1650, hajapata kuishi tena Claydon na mumewe. Mun alikuwa amekwishauawa mwaka 1649, Drogheda huko Ireland, siku chache baada ya mji kutekwa na jeshi la Oliver Cromwell, jemadari wa Bunge aliyekuja kuitawala Uingereza, ingawa alikuwa ameahidiwa usalama. Mchuma janga hula na wa kwao. Janga alilichuma Charles, naye alikatwa kichwa Januari ya mwaka huo huo. Walioendelea kulila walikuwa ukoo wa mtu aliyelijua tangu mwanzo.

Ralph hakutupa karatasi hata moja. Barua za ukoo huu zimefika zaidi ya elfu thelathini, na ni hazina isiyo na mfano kwa anayetaka kujua vita vile vilionekanaje mezani, kitandani, shambani. Katika karne ya 19 zilipangwa na kuchapishwa kwa juhudi za Parthenope, aliyeolewa na Sir Harry Verney mwaka 1858. Huyo ni dada wa Florence Nightingale, muuguzi mnayemjua. Nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka: msidharau sanduku la barua za bibi zenu.

Ralph alirudi Uingereza mwaka 1653, akafungwa kwa muda chini ya Cromwell mwaka 1655, akapewa cheo cha baronet ufalme uliporudi. Angeweza kukaa kimya na mashamba yake. Alirudi Bungeni mwaka 1681, mbunge wa Buckingham. Alirudi tena mwaka 1685. Na mwaka 1689, akiwa na miaka sabini na mitano, alikuwa mbunge katika lile Bunge lililowapa William wa Orange na mkewe Mary taji pamoja na hati ya haki, iliyoandika kwamba mfalme hatatoza kodi bila Bunge wala hatasimamisha sheria kwa amri yake. Ni mambo yale yale ambayo mwaka 1640 yeye na baba yake waliyapigia kura wakiwa chini ya paa moja.

Nimesema niliyokuwa nayo. Muda wa maswali upo, na ningependa kuanza na yeyote anayeona nimemwonea Sir Edmund kuhusu kura za Wycombe. Karibuni.